Hivi mpiga ngoma kwenye majeshi ya zamani ya Ulaya, kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa, alikuwa na kazi gani hasa? Hana bunduki, hana mkuki, na bado analipwa

Kinanda Cha Babu (#1)
Wakuu habari za jioni. Kuna ile picha maarufu ya Rembrandt ya 1642, wengi mnaijua kwa jina la Doria ya Usiku, iko Amsterdam. Leo nimeikodolea macho karibu saa nzima kwenye simu naikuza kipande kwa kipande. Pale kulia kabisa pembeni kuna jamaa ana ngoma anapiga na kuna mbwa anambwekea. Wenzake wana bunduki na mikuki, yeye ana vijiti viwili tu.

Nikaanza kufuatilia nikakuta kumbe karne ya 16 na 17 majeshi mengi ya miguu ya Ulaya, kombania moja inakuwa na wapiga ngoma wawili hivi na mara nyingi na mpiga filimbi. Halafu sio kwamba walikuwa vibarua wa kuokota, jeshi la Uingereza la karne ya 18 askari wa kawaida alikuwa anapata peni 8 kwa siku, mpiga ngoma anapata 12, sawa na koplo!

Sasa jeshi linalohesabu kila mdomo unaokula, linamlipaje zaidi mtu ambaye hamui adui? Mimi nadai kazi yake kubwa ilikuwa mawasiliano, yaani ndiye alikuwa redio ya kamanda. Mwenye hoja tofauti aje.

Chumvi ya Uvinza (#2)
Nimekaa mbele kabisa, leteni madini.

Sajini Mstaafu (#3)
Uko sahihi mkuu ngoja niongeze nyama. Mimi nimepita JKT enzi za mujibu wa sheria, najua sauti ya mtu mmoja inaishia wapi. Uwanja wa kwata tu, watu mia, upepo ukigeuka wale wa mwisho hawajasikia amri wanabaki kuangalia visigino vya waliotangulia. Sasa chukua watu elfu mbili tatu wamesimama mraba mmoja, magobori yanalia, moshi wa baruti ile ya zamani umetanda hata bendera huioni. Afisa atapiga kelele mpaka koo litoke damu. Ngoma inapita.

Na mapigo yalikuwa na maana zake, huwezi kupiga tu unavyojisikia. Von Steuben, yule afisa aliyetoka Prussia (dola la Kijerumani la zamani) akaenda kuwafundisha Wamarekani, kwenye kanuni zake za 1779 ameyaorodhesha: pigo la kuamsha watu alfajiri, la kukusanyika, la kubomoa mahema ikimaanisha jeshi zima linaondoka, la kushika silaha, la usiku kila mtu hemani kwake, na la kuomba kuongea na adui. Askari anayajua kama unavyojua adhana au kengele ya shule, haulizi.

Binti wa Pangani (#4)
Sajini shikamoo. Lakini angalia orodha yako mwenyewe, mapigo mengi uliyotaja ni ya kambini, kuamka, kulala, kufunga virago. Hapo sio vitani. Kwenye mapigano yenyewe kombania kumi kila moja na ngoma zake mbili zote zinalia pamoja, nani anasikia pigo la nani? Mimi naona redio ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ilikuwa hatua, miguu.

Machiavelli, yule mwandishi wa Italia, 1521 ameandika kabisa kwamba kama vile mchezaji akifuata muziki hakosei hatua, ndivyo na jeshi linalofuata mlio haliharibiki mpangilio. Na Mfaransa Thoinot Arbeau 1589 ameeleza mdundo wa ngoma ya kuandamana, mapigo na mapumziko yake, na kwamba askari aanze na mguu wa kushoto kwa sababu watu wengi ni wa mkono na mguu wa kulia. Hii kushoto kulia ya gwaride la Uhuru mnayoiona haijaanza jana.

Fundi Mirunda (#5)
Naunga mkono #4 na nina ushahidi wa mabega yangu. Mikuki ya wale askari wa Uswisi ilikuwa inafika mita 5. Mimi mjengoni nimebeba sana mirunda na mabomba marefu, mkiwa watu sita mnapita sehemu nyembamba bila mtu wa kuitikisha "haya, haya" mnagongana tu, mmoja anavuta mwingine anasukuma, ncha inayumba inampiga mtu wa mbele. Sasa hao ni maelfu na kila mmoja na mkuki wake, ardhi ina mashimo, mbele kuna mtu anataka kukuua. Akianguka mmoja safu nzima nyuma yake inamkanyaga. Mimi sihitaji kitabu hapo, lazima kulikuwa na mdundo.

Kamusi Hai (#6)
Mnakwenda haraka. Fundi hoja yako ni nzuri ila kuwa na mdundo sio sawa na watu wote kukanyaga mguu mmoja kwa wakati mmoja. Hapo ndipo wanahistoria wenyewe hawajaelewana.

Kama askari wa karne ya 16 walikuwa wanatembea kwa hatua moja, kwanini karne ya 18 Maurice de Saxe, jemadari wa Ufaransa, analalamika kwamba watu wanadhani ngoma ni ya urembo tu? Yeye alisema siri ya Warumi ilikuwa kutembea kwa mdundo, akatoa na mfano mtamu sana, kwamba watu wanacheza usiku kucha kwenye sherehe hawachoki, lakini mchukue mtu mmoja umwambie acheze robo saa tu bila muziki uone kama ataweza. Mtu hawezi kuhubiri hivyo kama jambo lilishakuwa la kawaida kwa miaka 200.

Wanaosifiwa kwa kuleta hatua ya pamoja kwenye jeshi la Prussia ni Leopold wa Anhalt-Dessau na watu wake, mwanzoni mwa karne ya 18. Baada ya hapo ndio unaanza kuona namba kwenye kanuni: Waingereza 1792 hatua ya kawaida ni 75 kwa dakika, ya haraka 108. Steuben alishaweka 75 na 120. Kabla ya hapo sioni mtu anahesabu kwa dakika.

Binti wa Pangani (#7)
#6 kutohesabu kwa dakika haimaanishi hawakutembea pamoja. Wavuvi kwetu wakivuta juya wanaimba na wanavuta pamoja, hakuna aliyewahi kuwaandikia ni mara ngapi kwa dakika. Arbeau mbona mguu ameutaja? Angetaja mguu wa kushoto wa nini kama kila mtu anakwenda kivyake?

Kamusi Hai (#8)
Arbeau alikuwa kasisi wa Langres na kitabu chake kilikuwa cha kufundisha watu kucheza dansi. Anaeleza inavyotakiwa iwe. Yaliyokuwa yanafanyika kwenye matope ni kitu kingine.

Binti wa Pangani (#9)
Basi na Saxe naye anaeleza inavyotakiwa iwe. Tumelingana.

Mdigo wa Rotterdam (#10)
Haha Kamusi hapo umeshikwa. Mimi nirudi #1 kidogo kuhusu picha, nimeiona kwa macho. Wale sio jeshi la vita mkuu, ni wanamgambo wa mji, wafanyabiashara wa Amsterdam, walichangishana pesa wachorwe. Kuna ngao imeandikwa majina 18 ya waliohusika. Mpiga ngoma hakuwa mwanachama, alikuwa mtu wa kukodi, ndio maana hakuchangia. Na picha yenyewe ilikatwa pembeni 1715 ili ienee ukutani walikoihamishia, mnayoiona sio nzima.

Ila hapo kwenye kukodi naona kuna jambo. Kuwa na ngoma ilikuwa alama kwamba nyinyi ni kombania kamili. Bila bendera na ngoma mnakuwa kundi la watu wenye silaha tu. Ndio maana ngoma ikitekwa na adui ilikuwa aibu karibu kama bendera. Kwahiyo naongeza sababu ya tatu: hadhi.

Kinanda Cha Babu (#11)
Asante kwa sahihisho Mdigo, nilidhani ni askari kabisa. Hiyo ya hadhi inanikumbusha siwa, zile pembe kubwa za Lamu na Pate, ile haipulizwi na yeyote wala siku yoyote.

Mdigo wa Rotterdam (#12)
Ukitaka iliyofanana na siwa nenda kwa wapanda farasi. Kule kulikuwa na tarumbeta na zile ngoma mbili za shaba za kuning'iniza kwenye farasi, na wapigaji wa Dola Takatifu la Kirumi (Ujerumani na majirani zake wakati ule) walikuwa na chama chao chenye haki za kifalme tangu 1623, Kaizari Ferdinand wa Pili ndiye aliyewapa, sio kila mtu anaruhusiwa kupuliza. Ngoma na filimbi ya jeshi la miguu ilikuwa ya watu wa chini. Msichanganye hivi viwili.

Mama Zawadi Bern (#13)
Jamani huu uzi umenikuta penyewe, mimi naishi Uswisi mwaka wa 11 sasa. Ile jozi ya ngoma na filimbi kwa jeshi la miguu ilivuma kwa Waswisi, Wajerumani wale wa kukodi wakaiga, na wengine wakafuata.

Nendeni Basel wakati wa Fasnacht, kanivali yao, Jumatatu baada ya Jumatano ya Majivu, saa 10 alfajiri kamili. Mimi nilipelekwa na jirani mwaka wangu wa pili, baridi inauma mpaka meno. Taa zote za mji zinazimwa kwa mpigo mmoja, giza, mtu anatoa amri, halafu vikundi vyote vinaanza pamoja, ngoma na filimbi, na taa zao za karatasi kichwani. Nililia bila kujua nalia nini. Kifua kinatetemeka kabla sikio halijasikia. Watoto wadogo wanaanza kufundishwa mapigo hayo na wanachukua miaka kuyajua.

Ndio maana mkibishana redio au miguu mimi nasema ni moyo. Ukiwa katikati ya sauti ile huogopi. Nilikuwa peke yangu nchi ya watu, lugha sijui, lakini pale nilikuwa na wenzangu.

Tarumbeta la Tandika (#14)
Mama Zawadi nimekuelewa sana. Mimi napiga ngoma kubwa kwenye kundi la matarumbeta ya harusi. Mkishuka kwenye gari mtaa umelala, kina mama wamechoka na kupika tangu usiku, piga dakika mbili tu utaona mtu wa miaka 70 ameacha fimbo. Na sisi tunaotembea mbele tunatembea kutwa nzima, siku nisipopiga nikitembea umbali ule ule miguu inauma. Kwahiyo Saxe wa #6 alikuwa anajua anachosema.

Kuna mwanahistoria wa Marekani, William McNeill, aliandika 1995 kwamba watu wakitembea na kucheza pamoja kwa muda mrefu wanapata hisia ya kuwa mwili mmoja, na yeye aliipata mwenyewe akiwa kuruta anapigishwa kwata. Anasema hiyo ndiyo gundi ya majeshi ya Ulaya.

Sajini Mstaafu (#15)
Hilo halina ubishi. Mchakamchaka saa 11 alfajiri, wiki ya kwanza nilikuwa nataka kutoroka kambi. Wiki ya sita nikisikia kiongozi wa wimbo ameanza, miguu inakwenda kabla sijaamua. Siku mwimbishaji wetu alipougua malaria tulikimbia kimya na watu wanne walidondoka njiani. Umbali ule ule.

Binti, marahaba. Lakini na redio yangu siiachi.

Chumvi ya Uvinza (#16)
Sajini king'ang'anizi kweli kweli 😂

Wakili wa Mtaa (#17)
Mbona mmeisahau kazi moja nzito, ujumbe kwa adui. Kuna maandiko ya Kiingereza ya karne ya 16 yanasema wapiga ngoma na wapiga filimbi wawe waaminifu, wasiri, werevu na wajue lugha kadhaa. Lugha za nini kama kazi ni kupiga tu? Kwa sababu walikuwa wanatumwa ng'ambo kwa adui: kupeleka barua, kudai mji usalimu amri, kukomboa mateka. Anakwenda peke yake anapiga ngoma ili wasimpige risasi. Kule huenda wakamlewesha wamchimbe, ndio maana ya kutakiwa awe msiri.

Pigo la kuomba mazungumzo Wafaransa wanaliita chamade, na mpaka leo Mfaransa moyo ukimwenda mbio anasema unapiga chamade. Yorktown, kwenye vita vya uhuru wa Marekani, tarehe 17 Oktoba 1781, Waingereza walipoelemewa aliyeonekana kwanza juu ya boma ni mpiga ngoma, halafu ndio afisa na kitambaa cheupe. Mizinga ilikuwa inalia, wakaona mtu anapiga, wakanyamaza. Afisa mmoja Mmarekani aliandika hajawahi kusikia ngoma tamu kama ile. Mtu asiye na silaha, na wenye mizinga wakanyamaza kwa ajili yake. Tafakarini hapo kuhusu zile peni 12.

Kinanda Cha Babu (#18)
Duh. Hii sikuijua kabisa. Heshima mkuu.

Mwana wa Mikindani (#19)
Mimi nina la weusi wenzetu maana naona hakuna anayeligusa. Kikosi cha 29 cha Uingereza kilikuwa na wapiga ngoma weusi kuanzia 1759 mpaka 1843. Walianza na vijana kama kumi waliochukuliwa Guadeloupe huko Karibi baada ya Waingereza kukiteka kile kisiwa, Admirali Boscawen akampa ndugu yake aliyekuwa kanali wa kikosi. Akampa, kama unavyompa mtu mbuzi. Na Potsdam kabla ya hapo mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Kwanza, alikuwa na wapiga ala weusi kwenye kikosi chake cha watu warefu.

Najua mtasema ni hadhi, #10. Ndiyo, hadhi ya kanali. Kuwavisha nguo za rangi kali na vilemba watu waliotolewa kwao. Lakini walijifunza ile kazi wakaijua kuliko waliowaleta, wakashika nafasi hizo miaka zaidi ya 80. Majina yao wangapi wanayajua?

Wakili wa Mtaa (#20)
#19 na kikosi hicho hicho kilipofika Boston, Marekani, 1768 watu wa mji walishtuka kuona wapiga ngoma weusi ndio wanaowacharaza viboko askari weupe uwanjani. Sio kwamba walijichagulia, kwenye jeshi la Uingereza kupiga viboko ilikuwa kazi ya wapiga ngoma, meja wa ngoma anasimamia. Kwahiyo kuna na kazi ya sita, nidhamu. Mkono ule ule unaokuamsha asubuhi ndio unaokuchapa mchana.

Fundi Mirunda (#21)
Hapo mmenikata stimu. Nilikuwa nampenda huyu mtu.

Mwana wa Mikindani (#22)
Endelea kumpenda Fundi. Hakuitunga sheria yeye.

Nairobi Kwa Roho (#23)
Maze thread iko poa. Swali, si hawa drummer boys walikuwa watoto? Huwa naona kwenye picha zote ni katoto ka miaka kumi.

Kamusi Hai (#24)
Picha za karne ya 19 ndizo zimetuharibu. Watoto walikuwepo, hasa watoto wa askari waliozaliwa ndani ya kikosi, lakini wengi walikuwa vijana wakubwa na watu wazima kabisa. Fikiria tu ngoma yenyewe, chombo cha mbao na ngozi kinachoning'inia pajani unatembea nacho kutwa. Na kazi aliyoitaja #17 humtumi mtoto. Yule mpiga ngoma wa vita vya Arcole huko Italia anayesifiwa Ufaransa, André Estienne, aliyevuka maji na ngoma yake akaanza kupiga upande wa pili 1796, alikuwa na miaka 19. Ana sanamu kwao Cadenet.

Mdigo wa Rotterdam (#25)
1796 ni enzi za Mapinduzi ya Ufaransa hayo, uzi ni wa kabla yake. Umetoka nje ya uwanja.

Kamusi Hai (#26)
Na Steuben na Yorktown je, si Marekani hiyo, sio Ulaya? Mbona hukupuliza kipenga.

Babu Alikuwa Arinoti (#27)
Niwatoe nje ya uwanja zaidi kidogo. Ulaya nao waliiga. Maaskari wa Sultani wa Uturuki walikuwa na mehter, kundi zima na ngoma kubwa, matoazi na zurna, ambayo kwetu ukiisikia utasema ni zumari tu. Ulaya wakaogopa kwanza halafu wakatamani, karne ya 18 kila mfalme anataka matoazi na ngoma kubwa ya Kituruki kwenye bendi yake. Tarumbeta la Tandika, ile ngoma yako kubwa tumboni imepitia njia hiyo.

Halafu bendi hizo za Ulaya ndizo zikaja pwani yetu kwenye karne ya 19, watu wakaziangalia, wakazichukua, ikazaliwa beni, ngoma ya vikundi vya kushindana. Marini na Arinoti ndio walikuwa mahasimu. Marehemu babu yangu Tanga alikuwa Arinoti, alikuwa na cheo na mkanda, na mpaka anakufa ukimtajia Marini anageuza uso.

Tarumbeta la Tandika (#28)
Sikujua kama ngoma yangu ina ukoo. Nitamwambia mwalimu wetu.

Bi Mkubwa Kisauni (#29)
Babu yako na wenzake Marini walikuwa wanawadharau kwa kuwa wengi wao wametoka bara, mwambie tumesamehe 😄 Nyanya yangu alikuwa akisimulia beni za Mombasa, mtu anauza mali yake yote ashinde mashindano.

Babu Alikuwa Arinoti (#30)
Marini mmejaa mpaka huku! Tumepokea msamaha bibi.

Chumvi ya Uvinza (#31)
Na filimbi je? Mmeongea ngoma ngoma, yule mwenye filimbi hakuna aliyemtetea.

Mama Zawadi Bern (#32)
Filimbi ile ni ndogo na inalia juu sana, inapenya pale ambapo ngoma imekuwa ngurumo tu. Basel ukiwa mtaa wa pili unasikia filimbi kwanza ndio unajua kundi gani linakuja. Ngoma inakwambia kanyaga, filimbi inakwambia wewe ni wa nani.

Kamusi Hai (#33)
Nzuri, lakini Waingereza waliiacha filimbi mwishoni mwa karne ya 17 na hawakuirudisha mpaka miaka ya 1740 hivi, na jeshi halikufa. Ngoma hawakuiacha. Hiyo inasema kitu.

Mlinzi wa Zamu (#34)
Mimi nalinda usiku nimesoma wote toka juu. Kuna pigo la usiku Sajini amelitaja #3, Waholanzi waliliita taptoe, maana yake funga bomba la pipa. Mpiga ngoma anazunguka mjini jioni, wenye vilabu wanafunga mapipa, askari warudi kambini. Sasa hiyo ni saa. Wakati ambao watu hawana saa mkononi, ngoma ndiyo inakata siku vipande. Mimi nafikiri tumeng'ang'ania vita wakati siku nyingi za askari hazikuwa za vita, ni kusubiri tu, kama mimi hapa getini.

Sajini Mstaafu (#35)
#34 umesema kweli tupu. Kwenye kambi ukiondoa filimbi na kengele kila kitu kinalegea ndani ya siku tatu.

Kinanda Cha Babu (#36)
Asanteni sana. Nilikuja na redio, sasa nina redio, miguu, moyo, hadhi, ubalozi, viboko na saa. Bado nasema redio ndiyo inayobeba nyingine zote, maana hata ubalozi na saa ni ujumbe.

Fundi Mirunda (#37)
Miguu.

Mwalimu wa Zamani Kigoma (#38)
Nimechelewa, shule tulikuwa na mitihani. Nyote mnaanzia askari akiwa tayari yuko jeshini. Alifikaje? Karne ya 17 jemadari anapewa kibali cha kuandikisha watu, anakwenda mji kwa mji, na kinachotangulia ni ngoma. Inapigwa sokoni, vijana wasio na kazi wanasogea, afisa anatoa pesa ya kwanza mkononi, basi. Wajerumani mpaka leo mtu akitangaza biashara yake wanasema anaikoroga ngoma ya kuandikisha. Kabla ya redio, kabla ya miguu, jeshi lenyewe lilikuwa linaitwa kwa ngoma. Hakuna ngoma hakuna wa kutembezwa.

Kinanda Cha Babu (#39)
Mwalimu karibu, haya tunaanza upya. Hiyo si ni redio lakini?

Binti wa Pangani (#40)
Ni miguu. Walitembea kuifuata.